Usiseme Breki Zimefeli

Minza,

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na kutokopesha marafiki ameshakuambia shangazi yako, na sweta ameliingiza kwenye begi lako kwa mkono wake mwenyewe, kana kwamba Geita iko Njombe. Mimi hayo nayaruka. Hujawahi kunisikiliza kwenye mambo ya namna hiyo, na umefika umri huu ukiwa na meno yako yote.

Nakuandikia kuhusu breki. Mama wengine huwaandikia mabinti zao kuhusu wanaume, lakini wanaume utawajua tu, nao wanafanana kuliko pedi zinavyofanana.

Barua hii nitakupa getini, gari likiwa limeshawaka. Sikupi kabla, kwa sababu ugomvi wetu wa leo sitaki kuushinda kwa karatasi. Wewe unasema unaondoka na pedi za mashindano zikiwa kwenye magurudumu, kwa kuwa mashindano ni Jumamosi na hutaki kufika kwa watu usiowajua ukaanza kupiga jeki mbele yao. Mimi nasema pedi za kawaida ziende barabarani, za mashindano zikae kwenye buti. Tumebishana mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Mwisho ukaniuliza, "Mama, gari umenipa au hujanipa?"

Niliingia ndani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jibu langu ni hili: nimekupa. Pedi za kawaida, jeki na spana nimeviweka kwenye saruji ya kibaraza, karibu na gurudumu la mbele. Sijagusa gari. Mkono umeniwasha mara kadhaa kuligusa, lakini sijaligusa. Asubuhi nitakuwa chumbani, na kwa sauti nitajua umeamua nini. Kati ya sasa na asubuhi sina la kufanya, na mwanamke kama mimi akikosa la kufanya anaandika.

Jumapili, ulipokuwa umekwenda kumuaga bibi yako, walikuja kuniwekea kikao. Mjomba wako Masanja alikaa kwenye kiti cha baba yako, shangazi akakaa karibu na mlango kama askari wa zamu. Masanja akaanza:

"Dada, gari lile liuzwe. Lina mkosi. Limeshaaibisha ukoo mara moja, sasa unampa mtoto aende nalo Geita kushindana na vijana wa machimboni. Mtoto atakufa."

Nikamwambia, "Masanja, baiskeli yako ina breki?"

"Baiskeli imeingiaje hapa?"

"Nakuuliza. Ina breki?"

Shangazi yako akamjibia, "Haina. Anasimamisha kwa kandambili."

"Basi wewe unayeteremka kilima cha kanisa na kandambili usinifundishe kifo."

Alicheka, ndugu yangu huyu, maana si mtu mbaya. Kisha akasema lile neno ambalo kila nikilisikia damu inanipanda kichwani: "Dada, ajali ni kazi ya Mungu." Nikamjibu kwamba mimi nilikuwepo kwenye hiyo ajali anayoisema, na Mungu sikumwona akipaka grisi kwenye pedi. Niliyekuwepo ni mimi.

Kwa hiyo ujue unaondoka na gari ambalo ukoo wote umelikataa, isipokuwa mimi na baba yako. Kura mbili zinatosha. Niliwahi kushinda mijadala nikiwa na moja.

Ulikuwa unaanza kutembea nilipoanza vita yangu na maneno mawili. Basi lilipinduka kwenye njia ya Tinde. Watu walikufa, na mmojawao alikuwa msichana aliyekuwa akija dukani kwangu kununua vitabu vya mitumba. Alikuwa ameweka oda ya kimoja, kikabaki kwenye rafu na jina lake. Redio ikasema chanzo cha ajali ni breki kufeli. Basi. Wakaendelea na bei ya pamba.

Nilikaa na yale maneno siku nzima. Kufeli ni kwa mtu aliyekaa kwenye mtihani. Breki hazikai kwenye mtihani. Hazina hiari, hazina hasira, hazikuamka asubuhi zikasema leo sifanyi kazi. Nani aliziangalia mara ya mwisho? Nani aliambiwa zimekwisha akasema twende safari moja tu kwanza? Huyo ana jina, ana kofia, ana mke. Lakini sisi tunazisingizia breki kwa sababu breki haziwezi kujitetea, halafu tunazika.

Nikaandika gazetini. Nikaandika tena. Nikaitwa kwenye kipindi cha asubuhi cha redio, nikakutanishwa na Mzee Kulwa, msemaji wa wenye mabasi, ambaye ana sauti tamu kama mhubiri na hoja nyepesi kama pumba. Akaniuliza, "Mama Minza, wewe umewahi kuendesha basi?"

"Sijawahi. Na wewe hujawahi kuzaa, lakini kila mwezi unatufundisha kulea."

Tangu siku ile bodaboda wa stesheni wakaniita Mama Breki. Walidhani wananidhihaki. Nililichukua lile jina nikalivaa kama kitenge. Usiogope majina ya watu, mwanangu. Jina la kejeli ukilikataa linakufuata, ukiliitikia linakuwa lako.

Sasa nije kwenye pedi.

Mashindano yako ya kwanza ya ridhaa, kule kwenye uwanja wa vumbi nje ya Kahama, nilikuja kuyatazama nikiwa nimeshikilia mkoba kama naenda benki. Gari moja moja, mapipa yamepangwa, saa inahesabu. Gari letu lilikuwa na pedi zake za kila siku, zile zile zilizotupeleka sokoni na kanisani. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulikuwa mzuri zaidi, nikaanza kujisifu kwa watu waliokaa jirani. Wa tatu, unaingia ile kona ya mwisho, nikasikia harufu kama ya nywele zilizoungua, na gari halikupungua mwendo. Ulipita katikati ya mapipa ukaingia kwenye majaruba ya mpunga.

Mwanamume mmoja pembeni yangu akapiga kelele, "Breki zimefeli!" Ningemrukia. Lakini nilikuwa nimekaa chini na sikujua nimekaaje.

Ukatoka kwenye tope unacheka, meno ndiyo yaliyokuwa meupe peke yake. Ukasema, "Hazijafeli, Mama. Nimezipa kazi isiyo yao."

Sentensi hiyo ilinizidi. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma mambo ya breki kama ninavyosoma kila kitu, nikitafuta mahali pa kugombana. Sikupapata. Ulikuwa sahihi. Pedi za barabarani zimetengenezwa kushika zikiwa za baridi: unatoka nyumbani alfajiri, mbuzi anakatiza, unakanyaga, gari linasimama. Lakini zipe joto la kona baada ya kona na zinatoka jasho la gundi iliyozishikanisha, uso unakuwa kioo, unakanyaga mguu wako wote na pedeli inakuwa ngumu kama jiwe, gari linaendelea na safari zake. Za mashindano ni kinyume. Moto ndiyo nyumbani kwao. Zikiwa baridi hazishiki, zinateleza, zinapiga kelele, zinakula diski na zinamwaga vumbi jeusi kwenye rimu. Hakuna iliyo bora. Kila moja imeumbwa kwa ajili ya joto lake, na muuzaji atakayekuambia anayo inayofaa kwa yote mawili, mwulize kwanza mwenyewe anaendesha nini.

Mhubiri angesimama hapa akuambie kwamba na maisha ndivyo yalivyo. Mimi sisemi hivyo. Maisha si gari. Gari ni gari, lina uzito wa karibu tani moja, na watoto wa shule wanakatiza mbele yake.

Pedi mpya za mashindano zilipofika kutoka Dar kwa basi, ulinilazimisha nikusindikize kuzizoeza. Nakumbuka asubuhi ile kwenye barabara ya Mwadui kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Unakimbiza, unakanyaga kwa nguvu bila kusimama kabisa, unaachia, unakimbiza tena. Mimi nashika dashibodi na kusali sala nilizokuwa nimeacha kusali. Kisha ukaendesha polepole bila kugusa breki hata kidogo, mpaka zikapoa. Nikakuuliza kwa nini usisimame tu tupumzike, ukasema ukisimama umekanyaga zikiwa moto, pedi inabandika uso wake mahali pamoja kwenye diski, halafu utaisikia inatetemeka maisha yake yote. Nilikuwa na mwalimu ndani ya gari langu, na mwalimu huyo ni wewe.

Trafiki akatusimamisha.

"Mama, shikamoo. Mnafanya nini hapa?"

"Marahaba. Tunazoeza breki."

"Breki nazo zinazoezwa?"

"Wewe buti mpya ulizivaa kwenye gwaride siku hiyo hiyo?"

Akacheka, kisha akakaza uso. "Lakini linalia hili gari. Lipelekeni kwa fundi."

"Linalia kwa sababu limetoka kwa fundi."

Akazunguka, akachungulia magurudumu, akatuangalia mmoja mmoja. "Haya, Mama Breki. Nenda na nyenje wako."

Ndivyo gari lilivyopata jina. Na hapo ndipo yalipoanza matatizo yangu, maana katika mji huu gari linalolia ni gari bovu, na gari zuri ni lile lililo kimya kama friji jipya. Nyenje akitoka getini asubuhi mtaa mzima ulikuwa unasikia. Watoto wakienda shule wakamwigiza. Jirani akaniita kando kwa upole wa msibani: "Mama Minza, gari linakufa hilo." Namweleza, ananitikisia kichwa kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa. Mimi ambaye sijawahi kushindwa kueleza kitu, nilishindwa kueleza kelele.

Kisha ikaja harusi ya Holo.

Dada yangu, Mama Holo, alikuja dukani amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akaniambia, "Wakwe wa Kahama ni watu wa heshima. Nyenje wako asije kwenye msafara. Watasema tumewaletea bibi harusi kwa mkweche."

"Na mimi nisije?"

"Wewe njoo. Ila usiongee."

Ungetegemea nimfukuze. Nimewafukuza watu wakubwa kuliko yeye kwenye duka lile. Sikumfukuza. Neno lake liliniingia, likakaa. Kesho yake, wewe ukiwa kazini, nililipeleka gari kwa Fundi Shija karibu na reli, nikamwambia, "Zinyamazishe. Ziwe kimya kwa siku moja tu."

Shija akafuta mikono. "Minza anajua?"

"Gari ni la nani?"

Unayasikia maneno hayo? Ndiyo karibu yale yale uliyonirudishia leo, kwa mdomo unaofanana na wangu. Shija hakubishana. Alizitoa pedi, akazisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka uso uliouzoeza kwa asubuhi nzima ukaisha, kisha akapaka grisi nyuma na pembeni, nyingi, kama anavyofanyiwa kila mteja anayetaka kimya. Akaniambia, "Usilikimbize lakini." Nikasema harusi haikimbizwi. Simlaumu Shija. Aliombwa kimya, akauza kimya.

Siku ya msafara ulikaa mbele pembeni yangu, Mama Holo na mashangazi wawili nyuma wanaimba. Tulipopita Tinde ukasema, "Mama, mbona kimya?"

"Zimezoea."

Ukageuka ukaniangalia. Ukashusha kioo, ukatoa kichwa nje ukasikiliza. Tulipofika Isaka, kwenye foleni ya malori, ukasema, "Mama, simama niangalie magurudumu."

"Msafara hausimami kwa ajili ya fundi."

"Mama, nakuomba."

Na mimi, mwanamke aliyeandika miaka yote hiyo kuhusu dereva aliyeambiwa akasema safari moja tu kwanza, nikasema, "Tukifika Kahama."

Kagongwa matarumbeta yakaanza kulia, pikapu yao ikapunguza mwendo ili watu waone, na bajaji yenye magunia ikasimama mbele yangu. Nilikanyaga. Kilichofuata unakijua. Grisi ilikuwa imeshayeyuka ikatiririkia kwenye uso wa pedi, na gari lilikwenda kama ng'ombe aliyekata kamba. Kushoto kulikuwa na watu, kulia kulikuwa na ule mlima wa pumba nje ya mashine za mpunga. Nikachagua pumba. Ninajivunia usukani ule mpaka leo, maana ndicho kitu pekee nilichofanya sawasawa tangu dada yangu aingie dukani na miwani yake.

Tulizama mpaka madirishani. Mama Holo anamlilia mama yetu, "Mayu wane! Mayu wane!" na lile lemba lake la kitambaa cha dhahabu limejaa pumba kama kuku wa kienyeji kwenye kiota. Hakuna aliyeumia. Watu wakakimbilia, mpiga video mbele yao. Nikasukuma mlango, pumba zikaingia mpaka kifuani, na mdomo wangu huu, Minza, mdomo huu huu, ukafunguka ukasema mbele ya kamera:

"Breki zimefeli!"

Wewe ukainama juu ya mapaja yangu kuzima injini. Ukasema polepole, ili mashangazi wasisikie, "Mama. Breki hazijafeli."

Hukusema kingine. Hukusema siku ile wala siku nyingine, na pale nilipotaka ugombane nami ili tumalize, ulinipa chai.

Nimefikiria sana kwa nini niliyasema. Sikuwa na muda wa kutunga uongo. Yalikuwa pale mdomoni yamekaa tayari, kama maneno ya pole msibani. Ndiyo maana yanaua. Mtu akiyasema hadhani anadanganya, na sisi tunayapokea, tunamsaidia mwenzetu kutoka kwenye pumba, tunampa maji. Nilipokuwa naandika gazetini nilidhani napigana na watu waovu. Napigana na watu wenye aibu. Hao ni wengi zaidi, na mimi ni mmoja wao. Kumbe vita ni kubwa kuliko nilivyojua, na siiachi.

Walidhani nitaiacha. Video ilifika redioni kabla keki haijakatwa. Mzee Kulwa akaomba kipindi maalumu, akarusha sauti yangu mara mbili, akasema kwa ile sauti ya asali, "Mama Minza, kumbe na zako hufeli?"

Dada zangu walinisihi nisiende. Nilikwenda. Nikasema, "Mzee Kulwa, hazikufeli. Niliziharibu mimi. Ziliharibika kwa sababu niliona aibu mbele ya wakwe, mwanangu akaniambia nisimame, sikusimama. Nimesema hivyo nikiwa na akili timamu. Sasa na wewe uliyekaa hapo, lile basi la Tinde, sema la kwako."

Mtangazaji akaweka muziki. Mpaka leo Mzee Kulwa hajasema la kwake, na kila nikipata nafasi namkumbusha. Waliotaka kunifunga mdomo kwa ile video walinipa silaha: sasa mtu akiniambia sijui barabara, namwambia naijua mpaka ndani ya pumba.

Wanauliza kwa nini basi nakuruhusu ushindane. Wanadhani uwanjani ndiko kwenye wazimu. Mimi nimekaa kwenye vile viwanja vya vumbi, nimesikia mnavyozungumza mkishuka kwenye magari. Mmoja anasema, "Nimechelewa kukanyaga." Mwingine, "Niliziacha zikapata moto mno." Mwingine, "Mafuta ya breki yalikuwa ya zamani, nilijua, nikapuuza." Mkoa mzima huu sijasikia mahali pengine ambapo watu wazima wanasimama mbele ya wenzao wakasema kosa ni langu, kisha wanakopeshana spana. Kama wazimu ni huo, natamani uenee.

Geita utakuta wengine. Gereji unayokwenda inahudumia pikapu za machimboni, na pale Katoro utaona vijana waliopata dhahabu wiki iliyopita, wamepaka rangi nyekundu kwenye vyuma vya breki na kununua pedi za mashindano kwa sababu ya jina kwenye boksi. Wanaendesha nazo sokoni, za baridi, hazishiki. Tairi zao ni vipara, na tairi kipara haitasaidiwa na pedi yoyote duniani, kwa maana pedi husimamisha gurudumu tu, kinacholisimamisha gari ni tairi. Watakucheka ukiwa na pedi za kawaida barabarani. Watasema binti wa Shinyanga anaogopa. Wakikucheka, ng'wanone, mwanangu, kumbuka mama yako alipochekwa akakimbilia grisi.

Na wewe pia nitakuambia kitu, kwa kuwa ni usiku wa mwisho na huwezi kunijibu. Leo ulipokataa kubadilisha pedi, hukusema za mashindano zinafaa zaidi njiani. Unajua hazifai. Hapo Tinde alfajiri ng'ombe wanavuka, Kagongwa kuna bajaji, kutoka Kahama kwenda Kakola kuna vumbi na malori, na pedi zako zitakuwa baridi kila utakapozihitaji. Ulisema hutaki kupiga jeki mbele ya watu usiowajua. Unaona aibu. Ni aibu ile ile, imevaa ovaroli tu. Mimi niliona aibu ya kelele, wewe unaona aibu ya kuonekana mwoga. Ningeweza kukuambia hili mchana nikakushinda. Lakini ningekuwa nimekushinda kwa leo tu, na kesho kutwa ungekuwa peke yako na kikundi cha vijana wanaocheka.

Baba yako alipiga simu jioni kutoka Rusumo, lori liko kwenye foleni ya mpakani. Nikamweleza yote: kikao, mkosi, ugomvi wetu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwache aende," akasema. "Mafuta ya breki mmebadilisha?"

"Tumebadilisha."

"Haya."

Simu ikakatika. Huyo ndiye baba yako, na hayo ndiyo mapenzi yake, yote yamo. Mafuta ya breki yanakunywa maji kutoka hewani hata gari likiwa limelala, na siku yakichemka, pedeli inazama kama mguu kwenye jaruba. Yeye anajua. Ameshuka milima ya Rwanda na shehena ya watu wengine maisha yake yote na hajawahi kusema breki zimefeli. Sikumsikia hata siku moja. Nimeolewa na mtu huyo nikiwa nagombana redioni, na sikuwahi kumuuliza anafanyaje.

Utakosea, Minza. Sikuombei usikosee, hiyo ni dua ya wavivu. Utachelewa kukanyaga, utamwamini mtu mwenye boksi zuri, utapuuza harufu. Siku hiyo watu watakuja mbio, nao watakuwa wema, watakushika mkono, na yale maneno mawili yatakuwa yamekaa tayari mdomoni mwako kama yalivyokaa kwangu. Yateme. Sema, "Ni mimi." Kisha nipigie. Sitauliza gari likoje. Nitakuja na jeki.

Jumamosi nitakuwa Geita, upende usipende. Masanja amekubali kunisindikiza. Anasema anakuja kuzuia maafa, lakini nimemwona anauliza nauli kwa furaha. Nitasimama kwenye kona ya mwisho, ile inayowatisha wengine, na Nyenje akilia mpaka mapipa yatetemeke nitamwambia kila aliye karibu nami kwamba gari lile ni la mwanangu na halijawahi kuwa zima kama leo.

Mama yako

*

Kumekucha. Nilikuwa nimeshaikunja hii barua. Spana imeanguka kwenye saruji, nimeisikia, na tusi ulilotukana nimelisikia pia. Sijui umelitoa wapi, maana la kwangu si hilo. Sijafungua dirisha. Gurudumu moja umemaliza, sasa umehamia upande wa pili.

Naweka chai kwenye chupa. Endelea, usiharakishe.